Mama na Video ya Uani

Juzi mtoto wa kaka yangu alikuta video yangu ya zamani kwenye simu. Niko uani kwetu Magarini, naufuatisha wimbo kwa midomo tu, na nyuma yangu mama amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi.

Alasiri ile ilinukia tui na moshi wa makumbi ya nazi. Simu niliifunga kwa kamba kwenye nguzo ya banda la kuku. Katikati ya wimbo mama aliinua uso, akaitazama simu, akasema maneno mengi, akacheka.

“Mama, waniharibia!”

“Haya mwanangu, nanyamaza.”

Mwalimu wa darasa letu la kutengeneza video alikuwa ametufundisha kwamba sauti za nyumbani ni uchafu. Zifutwe, ubaki wimbo. Basi jioni nilizifuta zote, kuku, upepo na mama, nikaona nimesafisha kazi kama mtu aliyefagia ua.

Mama tulishamzika. Sauti yake hatunayo kwingine.

“Shangazi, hapa bibi anasema nini?” mtoto akaniuliza.

Niliitazama midomo ya mama mara tatu, lakini maneno yale sikuyakumbuka tena.

“Anaimba,” nikamwambia.