Nani Anayaziba Maji ya Kinu?

Kinu cha maji kule bondeni kilijengwa na mapadre kabla mama hajazaliwa, lakini ungemsikia akikitetea ungedhani mawe yale aliyachonga yeye. Ulezi wa mbege yake, pombe yetu ya ndizi, haukusagwa kwingine. Basi serikali ilipofungulia watu biashara, na jirani yetu akarudi kutoka Tarakea mpakani na mashine ya dizeli akaifunga kando ya barabara, mama alinusa njama kabla hajanusa moshi. Na kweli, gurudumu la kinu likaanza kusimama mchana. Maji hayafiki.

"Anaziba mfongo huko juu," alisema. "Anataka tumpelekee ulezi, watu wanywe mbege ya dizeli."

Harusi ya binti wa dada yake ilikuwa Jumamosi, na mbege ilikuwa juu yake. Akanituma nikapeleleze, mimi ambaye safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi migombani. Nikaufuata mfongo, huo mfereji wetu, kwenda juu, nikipumzika kila penye kivuli. Kwetu vivuli ni vingi.

Palipokuwa na kahawa nilikuta nyanya, na kila penye nyanya, gogo la mgomba limelazwa mferejini kugeuzia maji shambani. Wenye mashamba walinichangamkia kupita kiasi.

"Leo umetoka! Nyumba inaungua?" mama mmoja aliuliza, ametandaza kanga yake mbele ya gogo.

Kwenye banio, pale mfongo unapochota maji mtoni, nikamkuta mwenye dizeli, jembe mkononi, matope hadi magotini. Nikajificha.

"Toka kwenye hayo magimbi, nakuona," akasema. "Mwambie mama yako aniachie maji! Pipa la kupozea injini limekauka, mashine inachemka. Hicho kinu chenu kinameza yote."

Nilimsimulia mama kila kitu, pamoja na nyanya.

"Alikuona unakuja, ndiyo akashika jembe," alijibu. "Na wewe ukaamini."

Alhamisi kinu hakikuzunguka kabisa. Mama akaubeba ulezi hadi barabarani kimya kimya, akasimama pale mashineni akinusa kila kiganja cha unga.

Harusini wazee walijifuta povu midomoni wakasema mbege ya namna hii haipatikani bila mawe ya kinu. Mama aliwashukuru. Njiani tukirudi, tulipokaribia kwetu, akasimama.

"Hivi hawa wazee," aliniuliza, "miaka yote hii walikuwa wanaonja kweli?"