Mkono wa Mama Shoka

Tangu utotoni mkono wake ulitangulia mdomo. Alimzaba mwalimu kibao akafukuzwa shule. Alimng'oa jino mpangaji mwenzake kwa ugomvi wa ndoo ya maji. Fundi saa mmoja mpole alipokuja kumposa, majirani walimshauri anunue kofia ya chuma kwanza. Buchani kwake walimwita Mama Shoka, naye hakulikataa jina.

Siku aliponunua gari la kubebea nyama, alimwuliza muuzaji mbele ya mumewe, yule yule fundi saa, "Hili limewahi kugongwa?"

Muuzaji akaupapasa mlango kama anayembembeleza mtoto. "Hata mkwaruzo, mama. Lilikuwa la bibi mmoja, la kwenda sokoni na kurudi."

Kabla mvua hazijaisha, gurudumu la mbele liling'oka kwenye kona, mumewe akiendesha. Usukani ulimvunja mbavu, kioo kikamla jicho la kulia, lile lile la kuwekea lenzi. Fundi wa gereji alichungulia chini ya gari akasema lina dalili za kuungwa. Muuzaji akasema mzee alikwenda mbio.

Binti wa mdogo wake, wakili aliyelelewa kwa makofi yake, alikuja kukaa naye nyuma ya bucha.

"Mama mkubwa, njia zipo. Unaweza kulirudisha udai pesa zako zote. Unaweza kubaki nalo udai thamani iliyopungua. Vyovyote vile, jicho la baba mkubwa tutalidai. Na polisi tutamshtaki kwa udanganyifu. Mkataba unasema umelinunua kama lilivyo, sawa, lakini maneno hayo hayamkingi mtu aliyeulizwa akaficha. Ila usilitengeneze wala kulisogeza hapo nje lilipo. Mkaguzi anakuja kesho."

"Na yeye mwenyewe?"

"Yeye ndiye usimguse kabisa. Ukimpiga, mshtakiwa utakuwa wewe."

"Hata kofi moja?"

"Kofi lako nalijua, mama mkubwa. Huwa haliji moja."

Mchana huohuo muuzaji alifika na majitu mawili yenye nyundo kubwa, na gari la kuvuta magari mabovu nyuma yao.

"Nimekuja kulichukua nikutengenezee bure."

"Liache lilipo."

"Basi tutaliponda hapahapa. Huyo mkaguzi wako ninayesikia anakuja, atakagua nini?"

Mama Shoka alitoka nje akasimama mbele ya mlango wa gari. Muuzaji alimpiga kofi, kisha ngumi. Mdomo ukapasuka, damu ikashuka juu ya aproni iliyokwisha kulowa damu ya ng'ombe. Barabara nzima ilingoja. Shoka lilikuwa mkononi mwake.

Alirudi ndani, akalikita kwenye gogo, akaushika mpini kwa mikono yote miwili, akajizuia hapo kama aliyefungwa. Muuzaji alimfuata, akamvuta kwa kilemba, akamgongesha paji la uso ukutani. Hakuuachia mpini.

"Leo shoka limeota kutu," mtu akacheka mlangoni.

Nje, nyundo ya kwanza ilibonyeza boneti. Ya pili ilitua ubavuni, na ubavu haukubonyea. Ulipasuka. Udongo wa kuzibia uliopakwa rangi ukamwagika vipande vipande kama plasta ya ukuta mbovu, na chini yake likaonekana kovu la kuchomelea, kutoka sakafuni hadi kwenye paa. Magari mawili nusunusu, yaliyofanywa moja. Waliokuwa wakicheka waliinua simu zao wakapiga picha. Wenye nyundo walitazamana, wakazitupa, na muuzaji akakimbilia gari lake.

Wakili alimkuta akishonwa paji la uso.

"Ulimgusa?"

"Sikumgusa."

Binti akafunika uso akalia. Kisha akasema sasa ni kuchagua tu njia, zote zi wazi.

Nyumbani, mumewe alimtazama kwa jicho lililobaki. "Mimi hukunihurumia hata siku moja," alisema taratibu, "yeye ukamwacha."

Asubuhi Mama Shoka alifungua bucha. Mteja wa kwanza alitaka mbavu. Akainua shoka, na kwa mara ya kwanza mfupa ulihitaji pigo la pili.