Mrija wa Wilkista

Dancan Walubengo amesaga mahindi ya watu mjini Kitale kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote hajamwachia mtu mwingine ufunguo wa mashine. Mlango una kufuli mbili. Ukimletea soda ambayo tayari imefunguliwa, anakushukuru, anaiweka kando, na baadaye utaikuta pale pale imejaa nzi. Akialikwa kula, husubiri mwenyeji ameze tonge la kwanza. Mkewe, Emmy, alishazoea. Wakati wa uchumba wao alidhani ni adabu.

Mwaka juzi vumbi la unga lilianza kumsumbua. Pua ilimwasha, macho yakawa mekundu, akawa anapiga chafya mpaka wateja wanafunika madebe yao. Alikwenda kwa Zulekha, mwenye duka la dawa karibu na msikiti, naye akamsikiliza na kumpa vidonge vya aleji.

"Kunywa kimoja usiku," Zulekha alimwambia. "Vinaleta usingizi. Mzee, unakunywa pombe?"

"Mimi ni mtu wa kanisa."

"Sijauliza kanisa. Nauliza pombe, kwa sababu hii dawa na pombe haviendi pamoja. Unaweza kulala usiamke."

Walubengo alimtazama, akautazama ule mtandio aliojifunga kichwani, akaamua moyoni kwamba hayo ni mambo ya dini yake. Alijibu kwamba hanywi, akaenda zake. Kwa hesabu yake hakuwa amedanganya. Bia alikunywa nyumbani tu, mara moja moja. Na busaa, ile ya kienyeji ya chunguni, hakuiita pombe. Busaa ilikuwa unga wa mtama na mahindi, kitu alichokikuta kwa babu yake.

Dawa ilimsaidia. Ikamsaidia sana hata akaanza kuinywa mchana pia, vumbi likizidi.

Agosti iliyofuata, kaka yake mkubwa, Nyongesa, alipokea wageni wa mahari ya binti yake huko nyumbani kwao Kabuchai. Walubengo kama baba mdogo ilibidi awepo, ingawa hakwenda kwa moyo mweupe. Nyongesa alikuwa amepanda miwa ikavuka kuingia upande wa mdogo wake katika shamba la marehemu baba yao, na kila mara alipotaka shamba ligawanywe rasmi, Walubengo alikataa kuweka sahihi. Asubuhi ile, kabla ya kutoka Kitale, alimeza vidonge viwili. Alipofika akakuta kina mama wanafagia uwanja, vumbi limetanda, akameza kingine kwa maji ya chupa aliyokuja nayo.

Saa nane mchana wazee waliketi kukizunguka chungu cha busaa, kila mmoja na mrija wake. Walubengo alikuwa ameusahau wake Kitale. Aliyemletea mwingine ni Wilkista, au Mama Kevin, mke wa Nyongesa, mwanamke mrefu mpole anayeuza chai na mandazi sokoni Misikhu. Aliutoa jikoni, akaupangusa kwa ncha ya leso yake, akampa kwa mikono miwili.

"Karibu, mulamwa," alisema, kama wanavyoitana mashemeji huko kwao. "Huu ni wa mzee, lakini leo utumie wewe."

Aliupokea. Aliuchungulia kidogo kabla ya kuutia chunguni, ila aliona aibu kuuchungulia sana.

Hakunywa kupita wenzake. Lakini ilipofika zamu yake ya kuwajibu wageni kuhusu ng'ombe, ulimi ulikuwa mzito, akainuka na miguu ikakataa. Jirani mmoja, Tonny, alicheka. "Mwacheni apumzike. Mzee ameshiba." Wakamlaza kwenye mkeka pembeni, mazungumzo yakaendelea, naye akakoroma mpaka watu wakamzoea.

Wilkista ndiye aliyeona kwamba mkoromo umekatika. Alipita na sinia, akasimama, akapiga magoti. Pumzi ilikuwa inakuja kwa mbali sana na midomo imeanza kuwa ya kijivu. Alimwita jina, akampiga mashavu, hakujibu. Hakumsubiri mumewe amalize na wageni. Aliagiza gari la mgeni mmoja liwashwe, akaingia nyuma, na kichwa cha shemeji yake kilikuwa mapajani mwake mpaka hospitalini Bungoma.

Walubengo aliamka asubuhi ya pili yake, kichwa kizito na mdomo mkavu. Daktari kijana aitwaye Levi alimuuliza alikuwa amekunywa nini.

"Busaa tu. Kidogo."

"Na dawa? Dawa yoyote, hata ya dukani?"

"Hakuna."

Alijibu hivyo kwa sababu vidonge vya chafya havikuwa dawa machoni pake. Tena alikuwa amemsikia daktari akisalimiana na Wilkista mlangoni kwa Kibukusu, kama watu wanaofahamiana.

Levi alitikisa kichwa. "Mzee, busaa kidogo pekee haiwezi kumlaza mtu hivi. Lazima kuna kitu kingine."

Maneno hayo yalimtosha. Siku zote mbili alizolala pale alikuwa akipanga mambo kichwani. Wenzake walikunywa chungu kile kile na hakuna aliyedhurika. Kwa hiyo sumu haikuwa chunguni. Mrija ulitoka jikoni. Kwa nini ulipanguswa kwa leso? Na mwanamke yule alijuaje mapema hivyo kwamba anakufa, wakati wanaume wote waliokaa naye hawakuona kitu? Anayejua ni yule aliyeweka. Halafu akaogopa, akakimbilia hospitali kujisafisha. Yeye akifa, shamba lingegawanywa bila sahihi yake. Kila alipoligeuza jambo hilo, lilikaa sawasawa.

Hakumshtaki kwa chifu. Alimwambia mtu mmoja tu, dada yake Lenah, tena kwa sauti ya chini. "Sitaji jina. Lakini kama ni mrija, ulitoka kwa mkono wa nani?"

Lenah naye hakutaja jina. Alisimulia habari za mrija sokoni Misikhu, na soko likamalizia lenyewe.

Wilkista alianza kuona wateja wakinywa chai kwa jirani yake. Wale wa zamani walipita mbio, wanasema wameshakunywa nyumbani. Kanisani akaleta birika kama kawaida, likarudi limejaa. Mama mmoja alimkumbatia, akamnong'oneza kwamba anamwombea, naye akauliza anaombewa nini, mama yule akaaga, akaondoka. Nyongesa alipopata habari yote alimpigia mdogo wake simu.

"Ati mke wangu alikuwekea nini?"

"Mimi sijataja mtu."

"Ndiyo nakuuliza. Taja."

Walubengo akakata simu.

Desemba mahindi mapya yalifurika mjini, na mashine haikupumzika. Chafya zikarudi, vidonge vikarudi, vitatu vitatu kwa siku. Jumapili moja, baada ya kanisa na chakula cha mchana, alikaa sebuleni kwake Kitale na chupa mbili za bia alizozinunua mwenyewe na kuzifungua mwenyewe. Emmy alimletea glasi. Kabla ya chupa ya pili kuisha alikuwa ameteleza kutoka kochini. Emmy alimtikisa, akammwagia maji, akapiga yowe mpaka jirani yao Naim akaja na gari.

Safari hii alizinduka jioni ile ile, hospitalini. Alikuta mkewe ameketi kando ya kitanda, leso bado imelowa maji. Jambo la kwanza kumtoka mdomoni lilikuwa hili:

"Ile glasi ulisuuza na nini?"

Emmy alikamua maji kwenye ncha ya leso.

"Baba Joy," alisema, "miaka ishirini na tatu nakupikia. Leo mimi ndiye nakuua?"

"Si nimeuliza tu."

"Na Mama Kevin pia uliuliza tu." Alitoa kitu kwenye mkoba, pakiti ya vidonge iliyotobolewa na kubakia na viwili. "Hii ilikuwa kwa mfuko wa shati yako. Siku ya Kabuchai ulikuwa nayo?"

Alikuwa nayo. Alikumbuka viwili vya asubuhi, na kile cha uwanjani, na maji ya chupa. Muuguzi alikuwa ameshaisoma pakiti hiyo. Alikuwa amemweleza Emmy kila kitu wakati mgonjwa bado amelala.

Kesho yake Emmy alimpeleka dukani kwa Zulekha, akamweka mbele ya kaunta kama mtoto aliyevunja kitu. Zulekha aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuuliza, mzee. Ukaniambia kanisa."

"Nilidhani unauliza kwa sababu ya dini yako."

"Naulizanga kila mtu. Hata shehe akikuja hapa namuuliza. Hii dawa inalaza ubongo, na pombe inalaza ubongo. Ukiviweka pamoja, na tena umeongeza vidonge, ubongo unasahau mpaka kupumua. Busaa ni pombe, bia ni pombe. Aliyekupeleka hospitali mara ya kwanza ndiye alikuokoa."

Walubengo alishika kaunta. Emmy anasema hapo ndipo uso wake ulipobadilika, si hospitalini.

Alikwenda Kabuchai peke yake. Alimkuta Wilkista nje, anapukuchua mahindi, akaomba kiti, hakuletewa, akaongea akiwa amesimama. Alieleza yote: vidonge, Zulekha, bia. Akamwomba msamaha. Wilkista hakuacha kupukuchua.

"Kwa Lenah ulisema kwa siri," alimwambia, "na ikafika soko nzima. Sasa msamaha nao unaniletea hapa nyuma ya nyumba?"

Siku ya soko Walubengo alikwenda Misikhu. Alisimama mbele ya kibanda cha Wilkista, mtu asiyependa kuongea mbele ya watu, akaionyesha ile pakiti kwa yeyote aliyetaka kuiona, akasema alikuwa karibu kujiua kwa ujinga wake mwenyewe na akamsingizia aliyemwokoa. Kisha akaketi, akanywa chai vikombe viwili, akala mandazi bila kusubiri mtu ameze kwanza. Lenah alikuwa upande wa pili wa barabara, akainamia mboga zake.

Baadhi ya wateja walirudi wiki ile ile. Wengine walisema amepewa kitu kingine cha kumlainisha, ndiyo maana anaongea hivyo. Mtu mzima, walisema, hawezi kuzimwa na kidonge cha mafua. Neno hilo halijaisha mpaka leo. Baada ya Pasaka Wilkista alihamisha kibanda chake akakipeleka Ndalu, ambako hakuna aliyemjua, na huko chai yake inaisha kabla ya saa nne.

Walubengo ameacha pombe, ile ya chupa na ile ya chungu. Anafunga kitambaa puani akisaga, na kila anayepiga chafya mbele yake anamuuliza amemeza nini. Shamba waliligawa mwezi wa sita na sahihi akaiweka. Akipita Ndalu huingia kumsalimu shemeji yake. Wilkista humjibu vizuri, huuliza habari za Emmy na Joy, na humwonyesha birika lilipo, ajimiminie mwenyewe.