Mfalme Asiye na Suruali

Mtu akichekwa na ukumbi mzima, ameshinda au ameshindwa?

Swali hilo aliniuliza jirani yetu wa ghorofa ya juu kule Alby, Uswidi, tukiwa tumekaa juu ya vikapu vya nguo chafu tukisubiri mashine zimalize kuzunguka. Nilikuwa mtoto wa kubisha kila kitu, hata saa ya ukutani, lakini hilo sikulibishia. Nikasema inategemea. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Inategemea, inategemea! Weye utakuwa jaji."

Swali lile lilinirudia juzi katika kituo cha treni cha Hallonbergen, ninakoishi sasa. Nilikuwa nashuka kwa ngazi za umeme, na mbele yangu, ukutani, bango kubwa: uso wa binti niliyekua naye jengo moja, mdomo wazi, nyusi zimepanda hadi katikati ya paji. Siku hizi watu wanalipa kiingilio kwenda kumsikiliza akiwachekesha. Nilisimama kulitazama mpaka treni yangu ikaniacha. Nimesoma mpaka shahada ya uzamili, nina kazi inayonilisha, lakini pale chini nilikuwa tena mtoto wa miaka tisa, na kitu kile cha zamani kikanipanda kifuani kama kiungulia.

Ngoja nikupeleke Alby kwanza, ndipo utanielewa.

Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo, hakina dirisha. Kila familia ilikuwa na kufuli lake dogo. Unalichomeka kwenye ubao wa zamu, na saa hizo zinakuwa zako. Ukipitiliza hata kidogo, mzee mmoja wa Kiswidi wa ghorofa ya kwanza anakubandikia mlangoni karatasi ya hasira yenye alama nyingi za mshangao. Mama yangu na jirani waliunganisha zamu zao ili wakunje mashuka pamoja, kila mmoja akishika ncha zake, wakisogeleana na kuachana kama wanacheza ngoma. Mama ni Mrundi, jirani alikuwa Mkongo wa Bukavu, na Kiswahili chao kilikutana katikati, juu ya shuka. Sisi watoto tulimwita jirani Tantine, kama Wakongo wanavyomwita shangazi. Alikuwa akija na bakuli la mikate, yale maandazi madogo ya mviringo, ameifunika kwa taulo na kuiweka juu ya mashine ya kukaushia ili isipoe. Mpaka leo harufu ya sabuni ya unga ikichanganyika na mafuta ya moto, mate yananijaa.

Tantine alifanya kazi mjini, akifua na kupiga pasi mavazi ya waigizaji katika jumba moja la michezo. Hapo ndipo mtu angedhani alipata hadithi zake. Hapana. Alizitoa Bukavu, shuleni, kwa sista mmoja mzee wa Kibelgiji aliyekuwa na santuri za nyimbo za kuchekesha za Paris ya zamani. Masista wenzake, Tantine alisema, waliamini ni nyimbo za ibada kwa sababu sista mwenyewe alifumba macho akizisikiliza.

Hadithi aliyoipenda ilikuwa moja tu, maisha ya mwimbaji mmoja wa Paris, zaidi ya miaka mia iliyopita. Alikuwa mnene, mfupi, na sauti yake haikufika popote. Juu inapasuka, chini inazama. Katika majumba makubwa walimfukuza. Akaenda kwenye kijumba kidogo chenye taa za gesi na viti vinavyolia, ambako serikali haikuruhusu waigizaji zaidi ya wachache jukwaani, kwa hiyo mmoja alilazimika kuwa jeshi zima. Yeye akawa jeshi. Akawa mfalme mwenye taji la bati, akawa punda, akawa mume anayejificha kabatini. Mtunga muziki, badala ya kumlilia sauti, alizihesabu noti chache za sauti ya yule mnene na kumtungia nyimbo zinazotosha humo humo, kama fundi anayeshona koti juu ya mtu mwenye kibyongo. Watu wakawa wanapiga kelele arudie, arudie tena, mpaka jasho linamshusha rangi ya pua.

"Umejuaje kama ni kweli?" niliuliza kila mara.

"Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele," alijibu, "na kofia yangu ilimziba mama yako."

Mama, nyuma ya shuka, alitabasamu bila kutoa sauti. Mama hakuwa mtu wa kucheka mbele za watu.

Mwisho wa hadithi ulikuwa wa huzuni, na Tantine aliupitia haraka. Vita vilikuja, Paris ikashindwa, na walioshindwa wakatafuta wa kumlaumu. Wakasema tulicheka mno. Yule mnene akazunguka miji midogo na taji lake la bati mpaka taji likapata kutu. Ndipo likaja lile swali: ameshinda au ameshindwa?

Mwaka mmoja, karibu na sherehe ya jengo ya kukaribisha majira ya joto, Tantine akaamua kutunga mchezo wa kuimba kwa ajili yetu watoto, kwa Kiswahili kilichotiwa Kiswidi ili na majirani waelewe. Mchezo ulihusu mfalme ambaye amepoteza suruali na hawezi kutoka kwenda kutawala. Nakumbuka wimbo wake wote. "Mimi mfalme, mimi mfalme, suruali iko wapi? Ulimwengu unaningoja, baridi inaniingia wapi?" Hapo ilibidi mfalme ageuke nyuma.

Nilimtaka mfalme yule kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilimsikia akitungwa, kipande kwa kipande, katikati ya povu. Mimi ndiye niliyeuliza maswali, mimi ndiye niliyejua kwa nini taji liwe la bati. Nilijifunza maneno yote nikiyaimba ndani ya ndoo tupu, maana ndoo inakupa sauti nene. Nikajifunza na namna ya kugeuka. Nikasubiri niambiwe.

Mfalme akapewa binti wa Kiganda wa mlango wa pili, huyu wa bango. Binti huyo alikuwa na sauti ya kukwaruza, kama kiti kinachovutwa sakafuni, na hakuwahi hata siku moja kukaa chumba cha kufulia akamsikiliza Tantine hadi mwisho. Mimi nikapewa malkia. Malkia alikuwa na wimbo mmoja mtamu wa taratibu, anasimama dirishani, anamngoja mfalme, basi.

"Kwa nini yeye?" nilimuuliza Tantine.

Alikuwa anakunja soksi. Hakunitazama. "Sauti yako ni nzuri, ma fille, binti yangu. Malkia anaitaka."

"Sitaki kuwa na sauti nzuri."

"Ah, hapo sasa unaniumiza," alisema, akaniwekea andazi mkononi. Nililitupa nyuma ya mashine. Nadhani liko huko mpaka leo.

Siku ya sherehe ukumbi mdogo wa jengo ulijaa. Walikuwepo Wakenya, Watanzania, Warundi, Waganda, na mzee wa karatasi za hasira alikuja amevaa tai. Niliimba wimbo wangu bila kukosea. Walinipigia makofi yale ya adabu, yanayoanza pamoja na kuisha pamoja. Kisha akaingia yeye, na taji la karatasi ya kung'aa badala ya bati, na chupi ndefu ya sufu ya baba yake, akafungua mdomo, ikatoka ile sauti ya kiti. Sijui nikuelezeje. Ukumbi ulipasuka. Bibi mmoja wa Kiganda alipiga mapaja akilia, "Jamani mfunikeni mtoto wa watu!" Mzee wa karatasi alisimama na kupiga kelele "En gång till!", arudie, na wote wakaitikia. Akarudia. Akarudia tena. Nami nimesimama dirishani, malkia, kila mara ananigeuzia mgongo mbele ya wote, na kila kicheko kilinipita kando kama mvua inayonyesha kwenye uwanja wa jirani.

Mama alikuwa mstari wa nyuma, hacheki na mtu. Alinitazama mimi tu. Tulipofika nyumbani akasema, "Umeimba vizuri mno, mwanangu. Hakuna aliyekucheka." Nilimjibu kwa Kiswidi kwamba hilo ndilo tatizo, nikafunga mlango wa chumba.

Kuanzia hapo sikumwamini sana Tantine. Nilipokuwa mkubwa niliichambua hadithi yake kwa vitabu vya chuo: kweli serikali iliwahi kubana idadi ya waigizaji, kweli baada ya vita vicheko vililaumiwa. Mnene wangu sikumkuta popote. Nilifurahi kidogo, nakiri, kama mtu aliyemkamata mwenzake akidanganya. Nilitaka nimwambie, lakini alikuwa amekwisha kufariki, na ghorofani kwake wanakaa watu ambao mama hawajui majina. Ubao wa zamu umeng'olewa. Siku hizi zamu unaichukua kwenye simu, na kila mtu anafua peke yake, masikioni ana muziki wake. Mashuka mama anayakunja kwa kidevu.

Jumapili nilikwenda kumsaidia kufua mapazia. Tulishika pazia moja jikoni kwake, yeye huku, mimi kule, nikamwambia habari ya bango. Nikasema kwa mzaha, ingawa haukuwa mzaha, kwamba ningekuwa mimi pale ukutani kama Tantine angenichagua.

Mama akasimama na ncha zake mkononi.

"Alikuja kukuomba," akasema.

"Kuniomba nini?"

"Si unajua kwetu mtoto haombwi kwa mtoto. Alikuja kwangu, amebeba mikate yake. Akasema nataka mtoto wako awe mfalme, nimemtungia yeye. Nikakataa."

Nilimwuliza kwa nini.

"Nilikuwa nasafisha hospitali kule Flemingsberg. Kila nikifungua mdomo kusema Kiswidi, kuna mtu anacheka. Kila siku, mama. Nikamwambia, mwanangu hatasimama mahali achekwe." Akavuta pazia, nami nikamfuata, tukakutana katikati. "Akalia kidogo. Kisha akasema sawa, lakini mtoto hawezi kukaa nje ya mchezo. Malkia hakuwemo kwenye ule mchezo. Alimtunga siku ile, hapa hapa jikoni, ili nawe uwe na pa kusimama."