Babu wa Upande Gani

Pale bandarini Haleiwa, afisa wa kulinda papa hakagui kwa macho, anakagua kwa pua. Hupitia kila boti ya watalii, mikono nyuma, akinusa harufu ya vichwa vya samaki vya kumvutia papa, maana sheria imekataza kumlisha papa, isipokuwa kwa mwenyeji wa kisiwa, ambaye huamini babu yake aliyekufa amegeuka papa, naye humlisha kwa mila. Basi kila nahodha siku hizi ana babu papa. Afisa humsikiliza mtu hadi mwisho, hujikuna kidevu, kisha huuliza kwa upole, kama mshenga: "Babu wa upande gani?" Nahodha Puanani aliulizwa hivyo wiki iliyopita, akababaika, nusura anyang'anywe leseni.

Juzi afisa alipanda boti ya Puanani kukagua, na bahari imechafuka. Wali na nyama ya kopo aliyokula asubuhi vikakataa kukaa tumboni. Akakimbilia ukingoni, kofia mkononi, akamwaga vyote majini. Mara pezi likaibuka, kisha kinywa, na papa hakubakisha hata punje. Watalii wakapiga picha. Puanani akazima injini ili asikike vizuri.

"Mjomba, umemlisha papa."

"Nimemlisha babu."

"Babu wa upande gani?" Bandari nzima inajua kwamba mababu wa afisa si wenyeji, walitoka Ureno.

Afisa akajifuta mdomo, akajikuna kidevu.

"Ukweni," akasema. "Ila usimwambie mke wangu nilichomwandalia."