Mzee Anayesoma Kabatini

Mume wangu anasoma vitabu ndani ya kabati la nguo. Nasema mapema ili mtu asije akatutembelea, akasikia sauti nzito ikitoka katikati ya makoti, akatimua mbio. Ni kabati kubwa la chumbani, tulilonunua mwaka ule tuliooana. Tumetoa rafu moja, tumeweka kigoda, na nguo tumeziacha zining'inie palepale kwa sababu zinameza mwangwi. Anakaa humo, kitabu magotini, maikrofoni mbele ya mdomo, laptopu juu ya sanduku la viatu. Anawasomea wasioona.

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni. Yeye ndiye aliyewaambia watu treni gani inaingia, jukwaa lipi, na imechelewa dakika ngapi. Hata nyumbani akisema chakula kiko tayari, watoto walikuwa wanainuka na kujifanya wanatafuta mizigo yao. Alipostaafu, stesheni iliweka sauti ya mashine, naye akanyamaza. Akanyamaza kwelikweli. Asubuhi alikuwa anakaa kwenye ngazi za mlango, gazeti mkononi, na nikipita baada ya saa nzima ukurasa ni uleule. Nilimwombea sana miezi ile. Sikuomba makubwa. Niliomba apate wa kumsikiliza.

Siku moja baada ya ibada niliona karatasi kwenye ubao wa matangazo: maktaba ya wasioona inatafuta watu wa kujitolea kusoma vitabu na kuvirekodi. Nikaichukua nikampelekea. Akaisoma kwa sauti, kama anavyosoma kila kitu, na alipofika mwisho akasema, "Hawa watu wananitaka mimi." Usiku ule alikula vizuri.

Sasa, hiyo laptopu. Binti yetu mkubwa alitupa ya kwake ya zamani, na ina tabia mbili. Ukiiwekea mpango wa nguvu zote inakimbia, lakini inapata joto na feni yake inavuma. Ukiiwekea mpango wa kuokoa chaji inatulia, feni inalala, lakini kila kitu kinakwenda kwa kujikokota. Mzee anazihitaji zote mbili. Akimaliza kurekodi anafungua programu nyingine ya kusafisha sauti, na hiyo bila nguvu zote unaweza kufua, ukaanika na ukaanua nguo, haijamaliza. Akitaka kurekodi tena, ni lazima airudishe kwenye utulivu. Kubadilisha si kazi ngumu. Kazi ni kukumbuka.

Na kuna jambo jingine. Masikio ya mume wangu ni mazima, lakini mvumo wa chini haumfikii tena. Treni zimeuchukua. Friji inaweza kuunguruma nyuma ya kichwa chake naye akasema leo nyumba imetulia. Kwa hiyo tukawa na utaratibu wetu. Akishakaa kabatini, kabla ya kufunga mlango anaita, "Njia iko wazi?" Mimi nainama, natega sikio kwenye laptopu. Ikiwa inavuma nasema, "Bado, kuna treni!" naye anabadilisha mpango. Ikiwa kimya nasema, "Iko wazi!" na mlango unafungwa. Tulifanya hivyo vitabu vinne vizima, na maktaba haikurudisha hata kimoja.

Kitabu cha tano kilikuwa riwaya nene, sura thelathini, nacho kilimteka. Hakutaka kusoma mbele hata ukurasa mmoja. Alisema anataka kushtuka pamoja na wasikilizaji wake. Alikuwa amefika sura ya kumi na nane dada yangu alipoteguka mguu, nikawa naenda kwake mara tatu kwa wiki kumpikia na kumfulia. Mzee akabaki na kabati lake peke yake.

Wiki ya kwanza ikapigwa simu. Maktaba ina dada mmoja anayesikiliza kila kitu kabla hakijatolewa. Yeye mwenyewe haoni tangu utoto, na masikio yake hayapitwi na kitu. Mume wangu anamwita Mkaguzi, kama wale wa tiketi.

"Shikamoo, baba," nikamsikia kwenye spika.

"Marahaba, Mkaguzi. Umepanda behewa gani leo?"

"La kumi na nane, baba, na nimeshuka. Mbona unasomea ndani ya mzinga wa nyuki?"

Mzee alisahau. Alisafisha sura ya kumi na saba kwa nguvu zote, akaingia kabatini moja kwa moja kusoma ya kumi na nane, na feni ikasoma pamoja naye mwanzo mpaka mwisho. Akajaribu kuuondoa mvumo kwa ile programu, sauti ikawa ya mtu anayeongea ndani ya ndoo. Ikabidi arudie yote.

Ili asisahau tena, akaandika karatasi kwa herufi kubwa, BADILISHA NGUVU, akaibandika kwenye mlango wa kabati, kwa nje. Jamani. Ule mlango ukiufungua unageukia ukutani. Kila alipokuwa anaingia, karatasi ilikuwa inausomea ukuta. Sura ya kumi na tisa nayo ikarudi.

Mara hii Mkaguzi hakutania. "Baba, utaratibu unaujua. Kikirudi mara ya tatu, kitabu kinapewa msomaji mwingine, akianze upya. Si mimi niliyepanga."

"Najua, mwanangu. Hata treni ina sheria zake."

Akaweka simu mezani polepole. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka kwa dada, bado nina kikapu mkononi.

"Nitakirudisha mwenyewe Jumatatu," akasema. "Heri nishuke kwa miguu yangu kuliko kushushwa."

"Baba watoto, si utanisubiri mimi niwepo?"

"Nikusubiri hadi lini? Dada yako ana haki yake. Na mimi siwezi kuwa mtu wa kuangaliwa kama maziwa jikoni."

Akaenda kukaa kwenye ngazi za mlango. Akachukua gazeti. Nilimtazama kutoka dirishani kwa muda mrefu, na hakugeuza ukurasa.

Mimi shule yangu ni ya msingi tu, na kompyuta siijui zaidi ya kuipangusa vumbi. Lakini nilijiuliza: huyu Mkaguzi kila siku anafanya kazi na kompyuta, haoni hata taa zake, yeye anakumbushwa na nani? Nikaomba kwa ufupi, nikachukua simu ya mzee nikampigia.

Akacheka. "Sikumbushwi na mtu, mama. Nimeiwekea ijibadilishe yenyewe. Nikifungua programu ya kazi fulani inajua inyamaze, nikiifunga inajua iamke. Nilidhani baba naye amefanya hivyo."

"Inaweza kufundishwa hivyo? Na hii yetu kuukuu?"

"Hata hiyo. Mwite baba, mwambie aje na miwani."

Mzee akaja kwa kujivuta, akakaa mezani. Nikaiweka simu karibu na laptopu. Mkaguzi akaanza kumwelekeza, kitufe kwa kitufe, bila kipanya, kwa sababu yeye kipanya hana shughuli nacho. Mzee akapotea mara mbili.

"Baba, wewe unaona na umepotea. Mimi sioni na nakusubiri hapa kituoni muda wote."

"Macho ndiyo yanayonichanganya, mwanangu. Rudia."

Kazi yenyewe, nilivyoelewa, ilikuwa ni kuandika faili fupi yenye mistari mitatu. Mstari wa kwanza unaiambia laptopu iende kwenye mpango wa utulivu. Wa pili unafungua programu ya kurekodi, kisha unakaa kungoja hadi ifungwe. Wa tatu unairudishia nguvu zote. Basi. Tangu hapo, mtu akitaka kurekodi anabonyeza faili hiyo, haigusi programu yenyewe.

Lakini kila mpango una namba yake humo ndani, ndefu ajabu, tarakimu na herufi zimechanganyika, na ukikosea moja tu hakuna kinachofanyika. Mkaguzi akamtaka aisome kila namba aliyoandika ili waihakiki. Hapo mume wangu akanyoosha mgongo. Akakohoa kidogo. Na sauti ile ya stesheni, ambayo sikuwa nimeisikia ikijaza chumba hivyo kwa wiki nzima, ikatoka: "A. Moja. Nane. Nne. Moja. Tatu. Sifuri. Nane..." Taratibu, kila moja na nafasi yake, mpaka mwisho, namba ya kwanza na ya pili.

"Baba," Mkaguzi akasema, "nimetamani kupanda hiyo treni."

Wakajaribu. Laptopu ilikuwa inavuma. Mzee akabonyeza faili, programu ya kurekodi ikafunguka, na baada ya muda mfupi mvumo ukaanza kushuka, ukashuka, kama birika uliloliondoa motoni, ukaisha. Yeye akanitazama mimi, kwa sababu hakusikia tofauti. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akaifunga programu, akafungua ya kusafisha sauti, feni ikaamka. Akarudia mara nne, ananitazama kila mara, na mara ya nne tukawa tunacheka wote wawili kama watoto.

Jumamosi asubuhi akaingia kabatini kusoma tena sura ya kumi na tisa. Hii ikirudi, ndiyo mara ya tatu. Nilikaa kitandani, mikono mapajani, hata kukohoa naogopa. Nilisali kimyakimya muda wote aliokuwa anasoma. Akaituma mchana. Jioni simu ikalia.

"Shikamoo, baba. Nimesikiliza."

"Marahaba. Haya, sema."

"Feni hakuna. Safi kabisa. Lakini dakika ya kumi na mbili nimesikia kitu kingine."

Mzee akashika ukingo wa meza.

"Nimesikia mama anasema 'Amina'."

Nilitamani kuingia mle kabatini nijifungie. Mzee alicheka hadi akavua miwani.

"Usijali, mama," akasema Mkaguzi. "Ilikuwa kwenye pumziko, nimeikata, hakuna kilichoharibika. Baba, nipe ya ishirini upesi. Yule mjane kaacha mlango wazi makusudi au kasahau?"

"Sijui, mwanangu. Sijafika huko."

Sasa yuko sura ya ishirini na sita. Mguu wa dada umepona nusu, bado naenda, na kitabu hakijarudi tena. Leo nilikuwa nimeshavaa viatu, nimeshika kikapu, nikamsikia kutoka chumbani: "Njia iko wazi?" Laptopu ilikuwa imeshanyamaza yenyewe, naye anajua. Nikaweka kikapu chini, nikaenda hadi kabatini, nikainama, nikatega sikio.

"Iko wazi, baba watoto."

Akafunga mlango, nami nikaondoka kwa ncha za vidole.