Saa Mbili za Mama Koki

Hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Kuanzia mlinzi wa getini hadi daktari wa upasuaji, wote walimwita Mama Koki, kwa sababu alikuwa fundi bomba, na koki iliyowashinda wenzake kwake ilinyamaza. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viganja vipana na sauti ya chini, asiyependa kurudia maneno. Alianza pale kama kibarua wa kuchimba mitaro. Alibaki kibarua miaka mingi, akifundishwa hiki leo na kile kesho, mpaka mafundi waliomfundisha wakastaafu na wakubwa wakaona hawana njia ila kumwajiri.

Siku aliyoleta habari hiyo nyumbani, mumewe, aliyekuwa kinyozi, alifunga banda lake jua likiwa bado juu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwa msiba. Alirudi na kiboksi chekundu. Ndani mlikuwa na saa ya mkononi ya rangi ya dhahabu, nyembamba kama jani, yenye vijiwe vya kumetameta mahali pa namba. Alimvisha mwenyewe mbele ya watoto wao wawili. Kifungo kilimsumbua, kwa kuwa mikono iliyozoea mashine ya kunyolea ilikuwa ikitetemeka.

"Sasa wewe ni mtu wa ofisi," alisema. "Usiende kazini mkono mtupu."

Ofisi yenyewe ilikuwa handaki la mabomba lililopita chini ya wodi, lenye giza na mvuke, ambamo mtu mzima hutambaa kama mtoto. Hata hivyo saa aliihitaji kweli. Kila alipotaka kufunga maji ya wodi, ilimbidi apatane na wauguzi: nitafunga wakati huu, nitafungua wakati ule, nao wajaze ndoo za kuwatosha. Simu haikumfaa. Mbili zilikwisha kumponyoka mfukoni zikazama kwenye tangi, na ya tatu alikuwa akiiacha kabatini.

Basi akashuka handakini na saa ya dhahabu. Haikuchukua muda kioo kikaota ukungu kwa ndani. Aliianika dirishani, ukungu ukatoweka, akadhani imepona. Siku moja akiwa chini ya wodi ya wazazi, akibadilisha kipande cha bomba kilicholiwa na kutu, aliitazama akaona bado ana nafasi. Akaifanya kazi kwa utulivu, akakaza hata palipokuwa hapahitaji kukazwa. Alipoitazama tena, mishale ilikuwa palepale.

Huko juu ndoo zilikuwa zimekauka, na wanawake wawili walikuwa wamejifungua wakifuatana. Wauguzi walikimbizana na maji kutoka wodi ya jirani. Hakuna aliyedhurika, lakini muuguzi mkuu alimsubiri mlangoni mwa handaki, mikono kiunoni.

"Mama Koki, tulikubaliana nini?"

"Nisamehe, sista. Nimechelewa."

"Kwamba umechelewa naona. Nauliza kwa nini."

Mama Koki akaifunika saa kwa kiganja cha pili. "Kazi ilikuwa ngumu," alisema. Haikuwa kweli.

Siku yake ya mapumziko alikwenda kwa fundi saa, mtu mnene aliyefanyia kazi kwenye kijidirisha kati ya duka la viatu na duka la madaftari. Fundi alibana lenzi jichoni, akafungua mgongo wa ile saa, akaguna.

"Uzuri wa mkakasi," alisema.

"Ndani kipande cha mti," Mama Koki akamalizia.

"Afadhali mti, mama. Huku ndani ni kutu tupu. Unafanya kazi gani?"

Alimweleza. Fundi akaondoa mezani saa zote zilizong'aa.

"Kwanza tuelewane. Unataka saa ya kutazamwa, au ya kutazamia?"

"Ya kutazamia. Na isinifilisi."

Akamtandazia tatu. Ya kwanza ilikuwa na mkanda wa ngozi, na kabla Mama Koki hajaigusa fundi mwenyewe aliisogeza kando. "Ngozi na maji hawalali nyumba moja. Mwezi haujaisha, mkono utanuka." Ya pili ilikuwa ya chuma, nzuri na nzito. Mama Koki aliivaa, akazungusha kiwiko kama anayekaza nati nyuma ya bomba, akaona itanasa. Tena kwa nyuma iliandikwa kwamba inastahimili maji ya mita thelathini.

"Mita thelathini si nyingi?" aliuliza.

"Za maandishi. Maana yake jasho na manyunyu ya mvua. Ukitumbukiza mkono kwenye tangi kila siku, utarudi hapa kunilaumu."

Ya tatu ilikuwa nyeusi tii, mkanda wa mpira, mwili wa plastiki nene, namba kubwa badala ya mishale. Nyuma iliandikwa mita mia moja. Kioo chake nacho kilikuwa cha plastiki, na Mama Koki alikigonga kwa ukucha akitia shaka.

"Hicho kitachubuka," fundi alikubali. "Hakitapasuka lakini. Mchubuko haumzuii mtu kusoma saa. Ila vitufe usivibonyeze mkono ukiwa majini, hapo ndipo maji hupata mlango. Na betri ikiisha niletee mimi, nibadilishe na kile kimpira cha ndani kinachozuia maji. Usimpe mtu wa kuibandua kwa kisu."

Alitaja bei. Ilikuwa ndogo kuliko alivyoogopa, lakini aliomba apunguziwe, kwa kuwa kununua bila kuomba kungekuwa kumvunjia fundi heshima. Kabla ya kulipa aliivaa, akaingiza mkono ndani ya mkoba wake, kisha akaingiza na kichwa, palepale njiani, wapita njia wakimshangaa. Akabonyeza kitufe. Namba zikawaka kijani gizani.

"Ni ya kiume lakini," fundi alimkumbusha.

"Mabomba hayaulizi," alisema, akalipa.

Kumwambia mumewe ndiko kulikomshinda. Asubuhi alitoka nyumbani na saa ya dhahabu, ingawa ilikuwa maiti. Akifika getini anaivua na kuvaa nyeusi. Jioni anabadilisha tena. Angeweza kuendelea hivyo hadi uzeeni, kama wifi yake asingekuwa na meza ya matunda ng'ambo ya geti lile. Wifi aliona mara ya kwanza, akanyamaza. Aliona mara ya pili, akafunga meza akaenda kwa kaka yake.

"Kaka, mimi si mtu wa maneno," alianza, kama waanzavyo watu wa maneno. "Lakini mkeo akifika kazini anavua saa yako, anavaa ya mwanamume. Nyeusi, kubwa. Jioni anaificha."

"Labda ni ya kazini."

"Tangu lini hospitali ikagawa saa? Lisemwalo lipo, kaka. Kama halipo, laja."

Mteja aliyekuwa kitini alikuwa ameomba kupunguziwa ndevu tu. Aliondoka na kidevu kama yai.

Jioni hiyo kinyozi alimkuta mkewe akichambua mboga, watoto wakicheza nje. Akasimama mlangoni.

"Saa ngapi sasa, mama watoto?"

Mama Koki aliutazama mkono kwa mazoea. Kisha akarudi kwenye mboga.

"Nimekuuliza saa ngapi."

Alifuta mikono, akaivua ile ya dhahabu akaiweka mezani. Akachukua mkoba, akatoa nyeusi, akaiweka kando yake.

"Hii imekufa zamani. Hii ndiyo inayofanya kazi. Nilinunua mwenyewe, kwa fundi saa aliye karibu na duka la viatu. Kamwulize."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Siku uliyonivisha, mikono ilikuwa inakutetemeka. Ningeanzia wapi?"

Kinyozi alikuwa amekuja na wivu, na alikuwa ameuandalia maneno. Sasa alibaki na aibu, ambayo hakuwa ameiandalia chochote.

"Muuzaji aliniambia haiingii maji," alisema mwishowe.

"Pengine kweli. Mimi nafanya kazi kwenye mvuke."

Kwa siku kadhaa waliongea mambo ya chumvi na ada tu. Kisha Jumatatu, siku ambayo banda halifunguliwi, kinyozi alitokea getini mwa hospitali na kuomba aitiwe mkewe. Alitaka kuona. Mama Koki aliomba ruhusa kwa msimamizi wake, akampa mumewe buti za mpira na kofia ngumu, wakashuka.

Kinyozi aligonga kichwa mara moja, halafu ya pili. Alitambaa nyuma ya mkewe akishika tochi, jasho likimwingia machoni, mabomba ya moto yakipita karibu na sikio lake. Alimwona akilala chali kwenye maji ya vidole viwili, spana kifuani, akisikiliza bomba kama daktari. Alimwona akiinua mkono, namba za kijani zikiwaka, akisema, "Bado tuna nafasi," na kurudi kwenye kazi. Walikuwa wameishi pamoja miaka yote hiyo, naye alikuwa akidhani ufundi bomba ni kukaza koki za sinki.

Walipotoka juani suruali yake ilikuwa imechanika magoti yote mawili. Alikaa kwenye ngazi akihema.

"Kumbe," alisema.

Kwa dada yake alipita kabla ya kwenda nyumbani. Alimwambia ile saa inamhusu mwanamume kweli, mnene, anakaa kwenye kijidirisha, na amekwisha kulipwa. Wifi alimkatia embe na kumwambia hakuwa na nia mbaya.

Mwaka ulipogeuka kinyozi alipata pesa kidogo, akamwuliza mkewe, "Nikitaka kukununulia kitu, ninunue nini?"

Mama Koki alifikiri kidogo. "Kinga za magoti. Zile wanazovaa mafundi wa vigae."

Alizinunua siku hiyohiyo, zikawa kubwa. Akazirudisha, akaletewa ndogo mno. Wateja waliofika bandani siku ya tatu walikuta mlango umefungwa, na muuza magazeti wa jirani akawaeleza wasubiri, kinyozi yuko duka la vifaa vya ujenzi anabadilisha magoti ya mkewe.